Wadudu wa Nyumbani na Bei ya Nyumba Zetu

Hotuba ya Halmashauri ya Nyumba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mombasa



Halmashauri ya Nyumba imepewa nafasi ya kusema mbele ya Mkutano huu juu ya mambo mawili ambayo yaliletwa kwetu mbalimbali katika mwaka uliopita, lakini sisi twaona kuwa ni jambo moja. La kwanza ni viumbe waharibifu walio ndani ya majumba yetu, yaani kunguni, mchwa na panya. La pili ni bei ya nyumba na kodi ya vyumba hapa Mombasa, ambazo zabadilika upesi kuliko wengi wetu tunavyopata habari zake. Waliokuja kulalamika juu ya mchwa ndio hao hao waliorudi baada ya miezi kutuuliza kama bei waliyopewa na mnunuzi ni bei ya haki. Na wapangaji waliohama kwa ajili ya kunguni ndio waliowaacha wazee wetu wakiwa na vyumba vitupu na wasiwasi wa kuuza.

Yafaa tuanze na kunguni, kwa kuwa ndiye anayefichwa kuliko wote. Watu huona haya kumtaja. Mwenye nyumba humwambia mpangaji kuwa kunguni kaja naye katika godoro lake, na mpangaji humjibu mwenye nyumba kuwa kunguni alikuwamo ukutani tangu enzi za babu. Ugomvi huo haujapata kumwua kunguni hata mmoja. Mdudu huyu hachagui tajiri wala maskini, msafi wala mchafu. Yeye afuata damu na joto la mwili, na husafiri katika masanduku, viti vya kununua kwa watu, na mizigo ya wageni. Mji wa bandari kama wetu, wenye kupokea wageni tangu zamani za majahazi, usitarajie kumkosa.

Jambo la kumtambua kunguni ni hili: yai lake huanguliwa kwa muda wa wiki moja hadi siku kumi katika joto la pwani, na mtoto wake hujivua ngozi mara tano kabla ya kuwa mkubwa, na kila mara hana budi kunywa damu kwanza. Aliyekomaa aweza kukaa miezi bila ya kula. Kwa hiyo yule anayefunga chumba wiki mbili akidhani kunguni watakufa kwa njaa, ajidanganya. Na yule anayepiga dawa mara moja tu akaridhika, aua wakubwa akawaachia nafasi walio ndani ya mayai, kwa sababu dawa nyingi haziyadhuru mayai. Dawa hupigwa mara ya pili baada ya siku kumi hadi kumi na nne, mayai yakiisha kuanguliwa na watoto hawajawahi kukomaa na kutaga. Hili peke yake, kama lingelifuatwa, lingaliokoa fedha nyingi zilizopotea mitaani petu.

Mama zetu walikuwa na desturi ya kukitoa kitanda uani, kulegeza kamba, na kumimina maji ya moto yachemkayo penye matundu ya matendegu na viungo vya mbao. Vijana huicheka desturi hii, lakini ina maana. Joto huua kunguni pamoja na mayai yake pale linapofika, jambo ambalo dawa nyingi haziwezi. Nguo na mashuka yaliyofuliwa kwa maji ya nyuzi 60 za Selsiasi hayabaki na kitu kilicho hai. Tahadhari ni juu ya godoro: kulianika juani saa chache kwapendeza macho, lakini jua halifiki kati ya godoro nene, na kunguni hujiingiza ndani zaidi. Godoro lililojaa lishonewe gunia la kitambaa kizito au la plastiki lisilo na upenyo, likae hivyo mwaka mzima, au liteketezwe. Lisitupwe njiani likaokotwa na jirani.

Wako wazee hapa wanaoikumbuka sana DDT, wakisema kuwa zamani ilinyunyizwa mara moja na watu wakalala. Ni kweli kwamba dawa hiyo, ambayo nguvu yake ya kuua wadudu iligunduliwa na Paul Müller mwaka 1939, ilifanya maajabu miaka ya kwanza baada ya Vita Kuu ya Pili. Lakini kabla ya miaka ya 1940 kwisha, kunguni wa nchi nyingine walikwisha kuanza kuizoea, na vizazi vyao vimezizoea pia dawa nyingi zilizokuja nyuma yake. Dieldrin na chlordane, zilizokuwa zikimwagwa katika misingi ya nyumba dhidi ya mchwa, zimekatazwa na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ulioanza kutumika 2004, kwa kuwa hubaki katika udongo na katika mafuta ya mwili wa binadamu kwa miaka mingi. Na DDT imebakizwa tu kwa shughuli ya wadudu waenezao magonjwa, kama mbu wa malaria. Basi akitokea mtu mlangoni akasema ana dawa ya kizamani, dawa ya kweli, msimkaribishe. Katika nchi hii dawa ya wadudu haiuzwi kwa halali isipokuwa imeandikishwa na ile Bodi ambayo kwa kifupi huitwa PCPB, na nambari ya kuandikishwa huonekana katika karatasi ya chupa. Unga ulio katika kijikaratasi kisicho na jina, na maji meupe yaliyotiwa katika chupa ya soda, hayo si dawa bali ni hatari kwa watoto wetu. Mafuta ya taa nayo tumeyasikia yakisifiwa. Yanawaka moto, na nyumba za makuti na mbao twazijua.

Sasa twaja kwenye jambo ambalo Halmashauri yaliona kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Nyumba yetu ya Kiswahili ina ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na ua nyuma. Aghalabu kila chumba kina mpangaji wake. Mpangaji wa chumba cha pili akipiga dawa peke yake, kunguni hupita penye nyufa za ukuta na juu ya dari wakaingia chumba cha kwanza na cha tatu, kisha baada ya mwezi hurudi. Kila mmoja alipa fundi kwa zamu yake, na fundi ndiye apataye faida. Nyumba haina budi kutibiwa yote kwa siku moja, vyumba sita na ukumbi, na ikiwa nyumba zimeshikana kuta, basi na ya jirani. Kazi hiyo haiwezi kuamrishwa na mpangaji. Ni juu ya mwenye nyumba kuita watu na kuitengeneza. Na sheria iko upande huo: Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, yaihesabu nyumba iliyojaa wadudu kiasi cha kudhuru afya kuwa ni kero inayoweza kumpeleka mhusika mbele ya hakimu, na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya makao ya kutosha na usafi unaostahili.

Tumesikia mwenye nyumba akisema kuwa gharama ni kubwa. Tuhesabu basi. Mathalan chumba kinapangishwa kwa shilingi 4,000 kwa mwezi. Mpangaji akihama kwa kunguni, chumba kikakaa kitupu miezi mitatu, zimekwenda shilingi 12,000, na habari zimekwisha kuenea sokoni kuwa nyumba ile hailaliki. Atakayekuja baadaye atakuwa ni yule asiyekuwa na mahali pengine, naye atataka kupunguziwa. Mwenye nyumba aliyeona dawa ni ghali amekwisha kuilipa bila ya kuipata.

Juu ya panya hatutasema mengi. Panya mdogo hupenya tundu la upana wa penseli, na jike hubeba mimba wiki tatu tu, basi kumwua mmoja mmoja kwa mtego bila ya kuziba matundu na kufunika takataka ni kazi isiyo na mwisho. Lakini wanaodhani kuwa panya ni wa kudharauliwa wakumbuke kuwa mwaka 1902 bazaa ya Nairobi ilichomwa moto na serikali kwa ajili ya tauni, ugonjwa uletwao na viroboto vya panya. Watu walipoteza maduka yao na makao yao kwa siku moja. Dawa ya panya iwekwe ndani ya kisanduku chenye tundu dogo, mbali na watoto na kuku.

Mchwa ndiye atakayetupeleka katika habari za bei. Mchwa wa udongo hatoki hewani wala mbao haimzai. Yeye huja kutoka chini ya ardhi, ahitaji unyevu, na huogopa mwanga. Kwa hiyo hujenga vijia vya udongo juu ya ukuta, apite ndani yake. Yeyote aonaye kijia cha udongo kinapanda kutoka msingini kuelekea fremu ya mlango, asikipanguse kwa ufagio akadhani amemaliza. Achunguze kinatoka wapi. Mara nyingi kuna kuni zilizoegemezwa ukutani, au bomba linalovuja, au nguzo iliyochomekwa udongoni bila ya jiwe wala saruji chini yake. Kumbikumbi wakiruka baada ya mvua, na asubuhi mbawa zao zikaonekana dirishani kwa ndani, hiyo ni barua kuwa kichuguu ki karibu, na pengine ki chini ya chumba. Mbao igongwe kwa mpini wa kisu: iliyo nzima hutoa mlio mzito, na iliyoliwa hutoa mlio wa ngoma.

Wazee waliotujengea walijua mambo. Walitumia miti ya mikoko, fito na pau, mazio na boriti, ambayo mchwa haipendi kama mbao laini za siku hizi. Sisemi kuwa mkoko hauliwi kabisa, maana ukilowa miaka mingi huoza, na kilichooza huliwa. Lakini nyumba nyingi zinazosemwa kuwa zimekwisha kwa mchwa, ukichunguza utaona kuwa kilicholiwa ni kile kilichoongezwa baadaye: fremu za mbao laini, dari ya mbao nyembamba, kabati zilizopigiliwa ukutani. Na jambo jingine lililoleta hasara ni kupaka saruji juu ya kuta za udongo na fito. Ukuta wapendeza kwa nje, lakini mchwa wapita nyuma ya saruji miaka mingi bila ya kuonekana.

Mwaka huu mama mmoja mwanachama, mjane, aliletewa mnunuzi na dalali. Mnunuzi alichomeka kisu kidogo katika fremu ya mlango wa nyuma, kikazama chote. Akatikisa kichwa, akasema nyumba imekufa, na kwa huruma tu atalipa bei ambayo haikufika nusu ya ile iliyolipwa kwa nyumba ya mtaa huo huo miezi michache nyuma. Mama alikwisha kukubali kwa kinywa. Mwanawe alipokuja kutupa habari, tulipeleka fundi wa zamani anayezijua nyumba hizi. Aligonga boriti zote, akapanda juu, akafukua msingini. Zilikuwa zimeliwa fremu mbili na pau moja ya chumba cha nyuma, na sababu ilikuwa rundo la kuni uani. Boriti zote zilikuwa nzima. Fremu zilibadilishwa, udongo wa upande ule ukatiwa dawa na mtu mwenye kibali, na jiwe likawekwa chini ya nguzo. Mama yumo nyumbani mwake hata leo, na vyumba vinne vina wapangaji.

Tumelieleza jambo hili si kwa kuwachukia wanunuzi. Mnunuzi ana haki ya kutazama kasoro na kupunguza bei kwa kasoro hiyo. Lililo baya ni muuzaji kutojua ukubwa wa kasoro yake. Gharama ya fremu mbili ni gharama ya fremu mbili; haiwi nusu ya nyumba. Basi kabla ya kutaja bei, na kabla ya kusikiliza bei ya mtu, fundi wako mwenyewe aitazame nyumba, aandike alichokiona. Na kwa yule anayenunua neno ni hilo hilo. Ukiona rangi mpya chini ya ukuta tu, au saruji mbichi penye fremu, uliza kulikuwa na nini.

Hapa Mombasa kuna jambo ambalo watu wa bara hulishangaa, nalo ni nyumba bila ya ardhi. Mwenye nyumba ana kuta na paa, na mwenye kiwanja ni mtu mwingine, hulipwa kodi ya ardhi. Mambo haya yana mizizi ya zamani, na mengi ya hati za viwanja vya pwani yatokana na madai yaliyosikilizwa chini ya Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908. Nyumba ya namna hii bei yake haiwezi kulinganishwa na ile yenye ardhi yake, hata zikifanana kama mapacha. Wako waliokwenda na bei ya nyumba yenye ardhi vichwani mwao wakakosa mnunuzi mwaka mzima, na wako walionunua kuta wakidhani wamenunua na kiwanja. Uchunguzi rasmi katika ofisi ya ardhi ndio utakaosema jina la nani limo katika hati na kama kuna deni juu yake. Usiamini nakala iliyo mkononi mwa dalali.

Dalali mwenyewe atakiwa awe ameandikishwa chini ya Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533. Aulizwe cheti bila ya haya. Mapatano ya kuuza ardhi hayana nguvu kortini yasipoandikwa na kutiwa sahihi mbele ya shahidi. Nyumba ya mume na mke haiuzwi na mmoja bila ya ridhaa ya mwenziwe, kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013. Nayo nyumba ya marehemu haiuzwi na mtoto mkubwa kwa kuwa tu ndiye mwenye ufunguo. Warithi waende kwanza kortini, au kwa Kadhi kwa walio Waislamu. Ushuru wa stempu katika miji ni sehemu 4 kwa 100, na ni juu ya mnunuzi. Muuzaji naye hutozwa ushuru wa faida, ambao tangu Januari 2023 ni sehemu 15 kwa 100 badala ya 5. Wengi waliitia bei yote mfukoni kabla ya kuambiwa haya.

Mji wabadilika. Mtaa wa Buxton, ambao wengi wetu twaujua tangu utoto, ulianza kubomolewa 2021 kwa ajili ya maghorofa mapya. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 inakata sehemu 1.5 kwa 100 ya mshahara wa mfanyakazi, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Maghorofa yakipanda, kodi za vyumba vya kando yake hazibaki zilipokuwa. Hatuwezi kuyazuia hayo, lakini twaweza kujua. Bei inayotajwa barazani si bei inayolipwa, na tangazo la katika simu ni matumaini ya muuzaji tu. Kwa hiyo tumemwomba Katibu afungue daftari. Kila mwanachama aliyepangisha chumba, aliyehama, aliyeuza au aliyenunua, atataja mtaa, namna ya nyumba, kama ina ardhi yake au haina, na kiasi kilicholipwa hasa. Majina hayataandikwa. Kila miezi mitatu daftari litasomwa kwa wanachama.

Wako waliouliza kama daftari hilo litawafundisha wenye nyumba kupandisha kodi. Swali ni la haki, na katika Halmashauri lilitugawanya. Mwishowe tuliona kuwa litamsaidia na mpangaji vile vile, kwa kuwa naye atajua lini anatozwa zaidi ya jirani. Ipo pia Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, ya tangu 1959, yenye baraza lake la kusikiliza mashauri, ingawa kiwango kilichoandikwa humo ni nyumba zisizozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na nyumba za kodi hiyo zimekuwa chache. Mpangaji na mwenye nyumba wote wawili na wawe na kitabu cha kodi na stakabadhi.

Sasa juu ya kazi iliyo mbele. Halmashauri imeafikiana na fundi mwenye kibali cha kupiga dawa ya kunguni nyumba kwa nyumba, na atapunguza gharama ikiwa nyumba zitakazotibiwa zitakuwa zimefuatana. Wenye nyumba waandikishe majina kwa Katibu kabla ya mwisho wa mwezi huu, nao wawaarifu wapangaji wao mapema. Siku ya kazi vitanda vyote vitolewe uani, matendegu yafunguliwe, mashuka yachemshwe, chakula na vyombo vifunikwe. Wazee, watoto na wenye pumu wakae kwa jirani mpaka jioni, na madirisha yaachwe wazi. Fundi atarudi siku ya kumi na mbili. Mwenye kuni zilizoegemezwa ukutani na aziondoe kabla ya siku hiyo, maana fundi wa boriti atapita pamoja naye, kugonga milango ya yeyote atakayependa, bila ya malipo.